Maswali yenu: Land Cruiser na Prado kuukuu za dizeli

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wenye Land Cruiser na Prado zilizokwisha kutembea miaka 20 na zaidi, ambao wameamua kuzishughulikia wenyewe nyumbani. Jambo hili linanifurahisha. Magari haya yanatengenezeka uani kuliko mengi yaliyokuja baada yake, mradi mtu apime kabla ya kukimbilia dukani kununua spea. Nimechukua maswali yanayojirudia.

Shikamoo mwalimu. Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ. Asubuhi napiga stata muda mrefu, moshi mweupe unajaa uani, halafu linawaka kwa kutetemeka na baada ya dakika chache linatulia. Mchana halina shida. Fundi anasema pampu imekufa. (Msomaji, Njombe)

Marahaba. Pampu isishushwe bado. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata maana yake dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui. Pampu ingekuwa haisukumi, usingeona moshi wowote. Katika 1HZ dizeli huanza kuungua ndani ya kijumba kidogo kilicho kwenye silinda hedi, na asubuhi za Juni na Julai huko kwenu kijumba hicho kinakuwa baridi kweli. Kazi ya kukipasha moto ni ya hita plagi. Mbili au tatu kati ya sita zikifa, utapata hayohayo uliyoyaeleza: silinda zilizo hai zinawaka, zilizobaki zinatoa moshi na kutikisa gari mpaka injini ipate joto.

Pima hivi. Kwanza hakikisha umeme unafika kwenye bati linalounganisha plagi pale unapofungua swichi. Usipofika, tafuta fyuzi na relei. Ukifika, ondoa lile bati, maana likibaki plagi zote zitasomeka kwa pamoja na utadanganyika. Chukua balbu ndogo yenye waya mbili, moja kwenye chanya ya betri, nyingine gusisha kichwa cha plagi mojamoja. Balbu ikiwaka, uzi wa ndani mzima. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Unapokwenda kununua, nenda na ya zamani mkononi na usome volti iliyoandikwa, kwa sababu za gari hizi zinatofautiana, na ukifunga ya volti ndogo kuliko ile iliyokusudiwa kwa gari lako itaungua mapema.

Plagi zikiwa nzima zote, pima tapeti (nafasi iliyo kati ya kemu na valvu) injini ikiwa baridi. Za kuingiza hewa ziwe karibu milimita 0.20, za kutolea moshi karibu 0.40. Watu wengi hawaamini ninapowaambia kuwa katika injini iliyotembea sana nafasi hiyo hupungua badala ya kuongezeka: valvu huzama taratibu kwenye kiti chake, mwisho haifungi sawasawa, na mgandamizo wa asubuhi unapotea. Kupima unahitaji fila geji tu (vijibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kubadilisha vile visahani vya kurekebishia kunahitaji kifaa maalumu, hapo mwite fundi. Baada ya hayo ndipo ufikirie nozeli zinazonyunyiza dizeli, na pampu iwe ya mwisho kabisa.

Na tafadhali usipulizie ile spreyi ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Ikikutana na hita plagi zenye moto hulipuka mahali isipotakiwa, na piston ndizo zinazoumia.

Prado yangu yenye injini ya 1KZ-TE inachemsha nikipanda mlima wa Kitonga, hasa nikiwasha AC. Barabara ya tambarare haina neno. Fundi alitoa themostati, ikazidi. Nifunge rejeta kubwa? (Msomaji, Mbeya)

Hili nalijibu kwa kirefu, kwa sababu injini hii nzuri inauawa kila siku kwa kosa hilohilo.

Rudisha themostati, ya mtengenezaji mwenyewe. Themostati ya injini hii haifungui njia ya rejeta peke yake. Ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato ambayo maji hupitia wakati injini ni baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ndiyo maana ikazidi. Desturi ya kutupa themostati kwa kuwa "huku kwetu ni joto" imeharibu hedi nyingi, na mafundi wetu wanapaswa kuiacha.

Sasa tafuta chanzo. Tambarare iko salama, mlima unaisumbua: hapo joto linatengenezwa jingi na upepo unaoingia ni mchache, kwa hiyo anza na feni. Feni ya 1KZ inaendeshwa kupitia kikombe chenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa na joto kali, ufunguo utoe kabisa, halafu isukume kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa, kikombe kimechoka. Kisha chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta. Pale katikati hujaa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi lililogandamana kwa oili, wala ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Fungua, osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Usidharau kifuniko cha rejeta. Kwenye nyanda zenu za juu maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 au hata chini ya hapo. Kinachoyazuia yasichemke kwenye injini ni presha inayoshikwa na kile kifuniko, pamoja na kulanti. Kifuniko chenye mpira uliokauka kinaweza kuchemsha gari ambalo kila kitu kingine ni kizima, na ni spea ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja. Maji ya kisima yaache, chumvi yake inaziba vijia vya rejeta.

Kabla ya kufurahia, hakikisha hedi haijapasuka. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na hupasuka kati ya valvu baada ya kuchemshwa. Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse, utaungua), washa, na utazame maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili mbaya. Dalili nyingine: bomba la juu la rejeta limelala usiku kucha na asubuhi bado ni gumu kama limejazwa upepo. Ziko pia dawa za kupimia, rangi yake ya buluu hugeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta.

Ikiwa imepasuka, hedi ishushwe na ipimwe kwa presha kwenye karakana ya leti kabla ya kuskimu (kunyoosha uso wake). Gasketi yake nayo ina unene tofauti tofauti unaochaguliwa kwa kupima piston inavyochomoza juu ya bloku. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, toka dukani.

Rejeta kubwa? Ukiwa umemaliza yote haya na bado inapanda, ndiyo. Ila fedha ya kwanza ya "kuboresha" ningeiweka kwenye mita ya pili ya joto, pamoja na king'ora cha maji kupungua. Mshale wa dashibodi umetengenezwa utulie katikati hata joto likibadilika sana, ukianza kupanda umeshachelewa. Na maji yakiisha kabisa, senza inabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua.

Nataka kufunga tabo (turbo) kwenye 1HZ yangu. Kuna kiti (seti ya vipuri vyake) nimeipata ya mtumba. Unashaurije? (Msomaji, Mwanza)

Usifunge. Injini hii ilitengenezwa ipumue yenyewe, mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1, na vile vijumba vya hedi ndivyo vinavyopasuka mtu anapoilazimisha. Wapo wanaofunga tabo ya presha ndogo, wakaweka mita ya joto la moshi na kuitazama kila mlima, na injini zao zinadumu. Lakini kiti ya mtumba isiyo na mita hiyo, juu ya injini ambayo hujaipima mgandamizo, ni kununua injini nyingine. Ukitaka nguvu ya tabo tafuta gari lenye 1HD tangu kiwandani, ambalo dizeli yake huingia moja kwa moja juu ya piston na piston zenyewe hupozwa kwa oili.

Mwalimu, taa ya T-BELT imewaka kwenye Land Cruiser niliyonunua juzi. Injini inanguruma vizuri tu. Naweza kusubiri mpaka mwisho wa mwaka? (Msomaji, Mombasa)

Usisubiri. Taa hiyo haipimi mkanda wa taiming (unaozungusha kemu kutoka kwenye krenki), inahesabu kilomita, kwa kawaida 100,000, na mkanda hautoi sauti kabla ya kukatika. Ukikatika, piston zinagonga valvu. Tena kwa gari la kununua huwezi kujua kama aliyekutangulia alibadilisha mkanda au alizima taa tu ndani ya mita.

Kazi yenyewe kwenye 1HZ ni ya Jumamosi moja kwa mtu makini. Weka alama zote mahali pake kabla ya kuvua mkanda, badilisha na puli ya kukazia, na kagua sili za mbele kama zinavuja oili. Ukimaliza, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili ya krenki, ambayo ni mmoja wa kemu, na utazame alama tena. Ukihisi kitu kinagonga, simama na urudi nyuma. Asiguse mtu stata kabla ya hapo.

Nina Prado 120, D-4D. Ikiwa baridi inagonga kama inapigwa nyundo dakika mbili tatu, kisha inatulia. Kirinyaga Road nimepata injekta za bei nafuu. Ninunue? (Msomaji, Nairobi)

Ngoja kidogo na hizo injekta, kuna jambo la haraka zaidi. Kwenye 1KD-FTV, injini ya D-4D yako, chini ya kila injekta kuna wosha ya shaba. Ikivuja, moshi wa silinda unapanda na kuingia kwenye oili, oili inaganda masizi meusi, na masizi hayo yanaziba chujio la wavu ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Injini nyingi zimekwama hivyo. Kwa hiyo mwambie fundi ashushe sampu na akague ule wavu wiki hii. Ukikuta ukoko, wosha za shaba zibadilishwe zote.

Injekta zipimwe kwenye mashine na mtu wa komon reli (mfumo huu wa dizeli ya presha kubwa). Za bei nafuu zisizo na historia siziamini, na mara nyingi namba ya injekta mpya inapaswa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Wewe mwenyewe usifungue bomba lolote la presha injini ikiwaka. Humo mna zaidi ya baa 1,000, dizeli inapenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali hata kama kinaonekana kama tundu la sindano.

Je, nikichanganya mafuta ya taa kidogo kwenye dizeli ili kupunguza gharama? (Msomaji, Kahama)

Hapana. Pampu ya injini hizi hailainishwi na oili, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu, yanaisaga pampu kimyakimya. Nchini Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka kinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huohuo. Usijichakachulie mwenyewe.

Nimeinua Land Cruiser 80 milimita 50 na nataka kutoka tairi 265/75R16 kwenda 285/75R16. Sasa usukani unatangatanga. (Msomaji, Arusha)

Ukiinua gari lenye ekseli nzima mbele, ekseli inajipindua kidogo, na pembe inayorudisha usukani katikati inapungua. Kuna bushi maalumu za kurudisha pembe hiyo. Zifunge, ukapime alaimenti, ndipo uzungumzie tairi. Tazama pia mipira ya breki gurudumu likiwa limening'inia, isivutike.

Tairi hizo ni kubwa kwa karibu asilimia 4. Ukisoma 50 uko 52, ukisoma 80 uko 83, na trafiki mwenye tochi hatasikiliza habari za tairi. Kama injini ni 1HZ, gia ya tano utaiona kwa nadra. Springi nazo zichague kwa mzigo unaobeba siku zote. Springi ngumu chini ya gari tupu zinaua shokapu na kiuno cha abiria.

Shikamoo. Mimi ni binti, nimerithi Hilux Surf ya marehemu baba na nataka kuihudumia mwenyewe. Nianze na vifaa gani? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Anza na stendi mbili imara kabla ya spana yoyote. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde. Kisha seti nzuri ya soketi, mita ya umeme, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukazia). Nunua daftari: kila oili, chujio na mkanda andika tarehe na kilomita. Oili na chujio chukua kwa wakala unayemjua, feki zimejaa. Kazi ya kwanza iwe kubadilisha oili, na ukiwa chini utazame kila mahali panapovuja na upige picha. Picha hizo zitakuongoza miezi inayofuata.

Kwenye tufe kubwa nyuma ya gurudumu la mbele la mkonga wangu kunatiririka uji mweusi. (Msomaji, Sumbawanga)

Sili ya ndani ya ekseli imekwisha, oili ya difu imeingia kwenye nako (kiungo kinachogeuza gurudumu) na kuyeyusha grisi. Usichelewe, ikifika kwenye breki gari litavuta upande mmoja. Nunua seti kamili ya sili pamoja na beringi za juu na chini, na soketi ya milimita 54 ya nati za habu. Wanaozigonga kwa patasi wanaziharibu. Beringi zikazwe kwa kuvuta nako na mizani ya ndoano mpaka ifikie uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Ukishafunga kila kitu, pima oili ya difu na uijaze, maana ile iliyomwagika kwenye nako ilitoka huko.