Ukiambiwa "ongeza trebo", uliza kwanza anataka nini

Wadogo zangu mnaoanza kukaa kwenye miksa, ile mashine ya kurekebisha sauti, huku Mbeya, iwe kanisani iwe kwenye sherehe za Mwanjelwa, neno trebo litawachanganya mapema sana maana kila mtu analo la kwake. Mwalimu wa kwaya akilitaja anawaza soprano na watoto wanaoimba juu, na kama kasoma noti za mistari anawaza ule ufunguo wa G unaojizungusha kwenye mstari wa pili kutoka chini, ingawa kwaya nyingi huku ni solfa tu, zile do re mi. Vijana wa mpira kwao trebo ni makombe matatu msimu mmoja, Man United 1999, City 2023, hao msiwaguse ibada ikiwa inaendelea. Kwenye mchezo wa vishale ukipiga trebo ya ishirini unapata 60. Asili yake ni tatu, waimbaji wa Ulaya zamani walikuwa wanapandisha sauti ya tatu juu ya zingine, ndio "tatu" na "juu" vikabaki kwenye neno moja.

Haya sasa ya kwetu. Trebo ya miksa ni kile cha kuzungusha kilichoandikwa HIGH, mixer nyingi kinashika kuanzia kwenye Hz 10,000 au 12,000 hivi kwenda juu, na sikio la mtu mwisho wake ni 20,000, na mzee wa kanisa hata hafiki huko. Kwa hiyo mchungaji akilalamika maneno hayasikiki ukapandisha trebo unaongeza "sss" na ule mlio wa "shhh" wa mashine, maneno yenyewe yako kwenye midi, yaani sauti za kati, 2,000 mpaka 4,000 hapo. Gusa midi kidogo, au punguza besi kwanza, mara nyingi inatosha kabisa.

Halafu kuna hii ya baridi, hawafundishi popote. Jumamosi mnafanya mazoezi kanisa tupu, sakafu ya simenti, vioo, bati juu, sauti kali inadunda kila kona mpaka unashusha trebo. Jumapili ya mwezi wa sita au wa saba watu wanajaa na masweta na makoti na vitenge vya kujifunika, nguo zote hizo zinameza zile sauti za juu, unakuta kwaya imekuwa nzito kama inaimba ndani ya blanketi. Msishangae, rudisheni kidogo watu wakishakaa. Mvua ikipiga bati Tukuyu huko hakuna trebo itakayoshinda, mwambie mhubiri asogeze mdomo kwenye maiki.

Na maiki ikianza kupiga mluzi shusha sauti yake kwanza ndio uanze kutafuta.

Twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zinaungua kwa wanaopandisha trebo na taa nyekundu ya kuonya sauti imezidi inawaka wanaangalia tu. Ikishaungua hata uzungushe mpaka mwisho haitoi kitu, zima, peleka spika kwa fundi abadilishe dayaframu, ule utando wa twita unaotikisika.