Maswali ya Wasomaji: Wataalamu wa Jamii Wanatafuta Nini Aktiki?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa kifupi kwamba utafiti wa kanda ya Aktiki, huko Ncha ya Kaskazini, si kazi ya wapima barafu peke yao tena. Barua zilizofuata zilikuwa na maswali mazito kuliko habari yenyewe. Tumechagua machache na kuyapeleka kwa wanaoijua kazi hiyo.

Mhariri, salaam. Nilivyofahamu, Aktiki ni barafu na dubu weupe. Mtu aliyesomea sosholojia anaenda kumhoji nani huko? (Msomaji, Arusha)

Anaenda kuhoji watu wapatao milioni nne. Hao ndio wakazi wa maeneo ya Aktiki katika nchi nane: Urusi, Marekani, Kanada, Denmark kupitia Greenland, Iceland, Norwei, Uswidi na Ufini. Karibu nusu yao wako Urusi, na wengi wanaishi mijini, kwenye maghorofa, si kwenye vibanda vya theluji. Takriban mmoja kati ya kumi ni wa jamii za asili kama Wainuit, Wasami na Wanenet. Kuna migodi, bandari, vyuo vikuu, uhaba wa nyumba na kesi za ardhi zisizoisha.

Watu walikuwapo siku zote. Waliochelewa ni waliowahesabu kuwa sehemu ya utafiti. Miaka ya Kimataifa ya Ncha za Dunia, yaani misimu ya utafiti wa pamoja wa nchi nyingi, ya 1882–83 na 1932–33 ilikuwa ya wapima sumaku na hali ya hewa. Ile iliyoanza 2007 ndiyo ya kwanza kuwaweka watu kwenye mpango wake rasmi. Katikati hapo, mwaka 1990, wataalamu wa jamii waliunda chama chao cha kimataifa huko Fairbanks, Alaska, na mwaka 2004 ikatoka ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu ya kanda nzima.

Hata hivyo umuhimu wa kazi hii ulionekana mapema zaidi. Mwaka 1958 tume ya nishati ya atomiki ya Marekani ilipanga kuchimba bandari kwa mabomu ya nyuklia Cape Thompson, pwani ya Alaska, kilomita 50 hivi kutoka kijiji cha Point Hope. Don Foote, mwanajiografia, alipewa kazi ya kuchunguza matumizi ya eneo hilo. Alifuatana na wawindaji, akaandika wanakwenda wapi, msimu gani, na wanarudi na nini. Ardhi iliyodaiwa kuwa tupu ikaonekana kuwa ndiyo ghala la chakula la kijiji. Wakazi walikuwa wakipinga tangu mwanzo, sasa wakawa na ushahidi wa maandishi. Mradi uliwekwa kando 1962.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kila mahali siku hizi naambiwa "maarifa ya wenyeji". Nipeni mfano mmoja ambapo kuwauliza watu kulibadilisha namba ya kisayansi. (Msomaji, Tanga)

Mwalimu, chukua nyangumi wa bohedi, yule mweusi mzito ambaye kichwa chake ni karibu theluthi ya mwili. Kila majira ya kuchipua hupita mbele ya Utqiaġvik, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska uliojulikana kama Barrow hadi 2016, wakifuata nyufa za maji zinazofunguka kwenye barafu ya bahari. Mwaka 1977, kwa hesabu za wakati huo, ilikadiriwa kuwa hawafiki 2,000. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikafuta ruhusa ya wenyeji kuwinda. Baada ya malalamiko makubwa ikawapa mgawo wa 1978: nyangumi 12 wavuliwe au 18 wapigwe chusa, lolote litakalotangulia.

Wawindaji wa Kiinupiat, jamii ya asili ya kaskazini mwa Alaska, hawakuishia kulalamika, walionyesha kosa liko wapi. Walisema wengine hupita mbali na pwani, chini ya barafu, wala hawakaribii ufa. Wakasema pia kwamba ufa ukifunga, msafara hausimami: mnyama huyu huipasua barafu kwa kichwa, akavuta pumzi, akazama tena. Maana yake mhesabuji aliyekaa ukingoni na darubini anaandika sifuri siku ambayo wamepita wengi.

Madai ya namna hiyo yanapimika. Halmashauri ya eneo hilo, North Slope Borough, ikachukua kazi ya kuhesabu. Maikrofoni za majini zilishushwa kandokando ya ukingo wa barafu, kadhaa kwa mstari. Sauti moja ya nyangumi huzifikia kwa nyakati zinazotofautiana kidogo sana, na kutokana na tofauti hizo unakokotoa alipo. Sauti ziliendelea kusikika hata ufa ulipofunga, na kutoka mbali kuliko jicho linavyofika. Kufikia 2001 makadirio yalikuwa kama 10,500, na 2011 karibu 16,900.

Sasa tahadhari, na wewe utaielewa upesi. Pengo lote hilo si kosa la kuhesabu. Nyangumi wenyewe waliongezeka kwa kama asilimia 3.7 kwa mwaka. Irudishe 16,900 nyuma miaka 33 kwa kasi hiyo, unaangukia kwenye 5,000 hivi kwa mwaka 1978. Kwa hiyo hesabu ya awali ilipungukiwa kwa mara mbili na nusu au zaidi, na kilichobaki ni uzazi. Wanaoisimulia habari hii majukwaani huyachanganya haya mawili, kisha mpinzani mwenye kikokotoo huwaumbua.

Wanaanthropolojia nao walikuwa na kazi yao, isiyotajwa sana. Mgawo ulisimama juu ya hoja mbili: nyangumi wapo wangapi, na watu wanahitaji wangapi. Hitaji lilikokotolewa kwa kuchimbua kumbukumbu za nyangumi walioletwa nchi kavu katika kila kijiji kati ya 1910 na 1969, kupata wastani kwa kila mkazi, kisha kuuzidisha kwa idadi ya wakazi wa sasa.

Habari za kazi. Nasikia ramani za wawindaji zilitumika kudai ardhi Kanada. Ramani hizo hutengenezwaje hasa? Nafanya utafiti wa malisho Kajiado na ningependa kujua utaratibu. (Mwanafunzi, Nairobi)

Umesikia sawa. Kazi kubwa ya ramani za matumizi ya ardhi ya Wainuit ilichapishwa 1976, ikawa msingi wa mazungumzo yaliyozaa mkataba wa ardhi wa 1993 na Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, mwaka 1999. Utaratibu wake mwingi unafaa popote, hata Kajiado.

Unatandika ramani ya mandhari mezani, unaifunika kwa plastiki angavu, na unachora juu ya plastiki. Kabla ya lolote, weka alama za msalaba kwenye pembe tatu au nne zinazolingana na mistari ya gridi ya ramani. Bila alama hizo, ukiinua plastiki hutaweza kuirudisha mahali pake, na siku nzima ya kazi imekwenda na maji. Pembeni andika namba ya mhojiwa (si jina), tarehe, namba ya ramani na namba ya plastiki.

Skeli ndiyo inayoponza wengi. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita 1 kwenye ramani ya 1:50,000 unafunika mita 50 za ardhi. Kwenye 1:250,000 unafunika mita 250. Kambi, kaburi au chanzo cha maji ukikichora kwa kalamu nene kwenye ramani ya skeli ndogo, wakili wa upande wa pili atauliza ni upande gani wa mto, nawe huna jibu. Tumia kalamu ya ncha nyembamba isiyofutika, na ramani ya skeli kubwa kadiri inavyopatikana.

Lililo gumu zaidi ni swali lenyewe. "Mnawinda wapi?" linakuletea duara kubwa lisilothibitisha chochote, kwa kuwa mzee anajibu kwa niaba ya ukoo mzima na mababu. Uliza: "Wewe mwenyewe, tangu ukiwa mtu mzima, umemwua wapi mnyama huyu kwa ajili ya chakula?" Mtu mmoja, tendo moja, mahali pamoja. Kwako itakuwa: "Wewe mwenyewe umenywesha mifugo wapi, kiangazi cha mwaka gani?" Kila alama ipewe namba, na uitamke kwa sauti: "Hii ni K14, kambi ya kiangazi." Usipoitamka, utabaki na saa mbili za sauti zinazosema "hapa, na hapa, na pale", na hakuna atakayejua "pale" ni wapi.

Usipitishe saa tatu kwa kikao kimoja. Baada ya hapo watu hukubali kila unachosema ili uondoke. Mkalimani mweleze kabla kwamba hatakiwi kufupisha. Posho ilipwe hata mhojiwa akiamua kukatisha katikati, maana kinacholipwa ni muda wake. Ukimaliza kuingiza kwenye kompyuta, chapisha ramani ya kila mtu umrudishie aikague. Ni hapo makosa ya kingo hugundulika, hasa pale karatasi mbili za ramani zinapokutana na mstari wa njia kukatika. Maeneo ya siri, kama makaburi, yakae kwenye faili la peke yake ambalo ufunguo wake uko kwa jamii.

Asalaam aleikum mhariri. Mimi ni muuguzi. Utafiti huu wa huko kwenye baridi unatuhusu nini sisi wa pwani ya joto? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam, dada. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec, yalipimwa yakakutwa na sumu za PCB, kemikali za viwandani zisizooza upesi, mara tano hivi ya zile za akina mama wa kusini mwa jimbo hilohilo. Nunavik haina kiwanda cha sumu hizo. Zilibebwa na upepo na mikondo ya bahari, zikajilimbikiza kwenye mafuta ya sili na nyangumi, ambayo ndiyo chakula chao.

Wewe kama muuguzi utaona tatizo lilipoingia: habari zilisambaa kwa vishindo kabla ya maelezo. Baadhi ya watu waliogopa chakula chao cha asili, na mbadala wake ulikuwa vyakula vya dukani, ghali na vyenye sukari nyingi. Ndipo wataalamu wa jamii wakaingizwa kwenye kamati za vichafuzi, kuchunguza ujumbe wa afya unapokelewaje na nani asikilizwe akiutoa.

Sasa upande wetu. Mkataba wa kuzuia sumu hizi ulikuwa ukijadiliwa, na kikao cha Januari 1999 kilifanyika Nairobi. DDT ilikuwa kwenye orodha, nayo ilikuwa ikitumika Afrika dhidi ya mbu wa malaria. Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuit, alisema wazi kuwa hawatadai mkataba unaowaokoa watoto wao kwa gharama ya watoto wa mama wa Kiafrika. Mkataba wa Stockholm ulipopitishwa 2001, DDT iliwekewa masharti makali lakini ikaachiwa nafasi kwa udhibiti wa malaria.

Nasoma shahada ya pili Edmonton na nataka kufanya mahojiano Nunavut kuhusu bei za vyakula. Nianzie wapi? (Msomaji, Kanada)

Anzia kijijini, kabla ya fomu yoyote. Waandikie halmashauri ya kijiji, na kama utagusa uwindaji, chama cha wawindaji na watega mitego cha hapo. Uliza kama swali lako lina maana kwao. Huenda bei za vyakula wameshahojiwa hadi wamechoka, na wanachotaka kujua ni gharama za petroli na risasi za kuwindia. Kubali swali libadilike.

Kisha kuna milango miwili. Wa kwanza ni kamati ya maadili ya chuo chako, ambayo kwa utafiti unaowahusu Wainuit itadai uthibitisho kwamba umeshirikisha jamii. Wa pili ni leseni ya taasisi ya utafiti ya Nunavut iliyoko Iqaluit, inayotolewa kwa mujibu wa sheria ya wanasayansi. Wanyamapori na akiolojia vina vibali vyao vingine. Muhtasari wako uwe kwa lugha nyepesi na uwe umetafsiriwa kwa Kiinuktitut. Tafsiri hiyo ilipiwe kwenye bajeti, na huchukua muda kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Vijiji 25 vya Nunavut havina barabara za kuviunganisha, ni ndege tu, na hali ya hewa ikichafuka ndege haziruki. Tenga fedha za siku za ziada. Usiende majira ya kuchipua ukitegemea kuwakuta watu nyumbani: jua likiwaka na barafu ingali imara, wote wako uwandani, na ni haki yao. Betri za kinasa sauti ziweke mfuko wa ndani wa koti. Ukiingia nyumbani kwa mtu kutoka kwenye baridi, kiache kinasa ndani ya mkoba kipate joto polepole, la sivyo unyevu utajikusanya ndani yake.

Hao wataalamu wa jamii nao hawaharibu? (Msomaji, Bujumbura)

Wanaharibu sana. Mwaka 1979 ulifanyika utafiti wa ulevi hukohuko Barrow. Watu wazima 88 walijibu dodoso lililotungwa kwa mazingira mengine kabisa, na Januari 1980 matokeo yakatangazwa kwa waandishi wa habari Pennsylvania kabla wakazi hawajapata nafasi ya kuyajadili. Magazeti yakaupaka matope mji mzima. Watafiti waliofika baadaye walikuta milango imefungwa, na miongozo iliyofuata, ukiwamo mkakati wa utafiti wa Wainuit wa Kanada wa 2018 na itifaki za Baraza la Wainuit la nchi zote za 2022, imesisitiza jamii iwe na kauli juu ya data na matokeo. Kwa hiyo makubaliano yataje kabla ya mahojiano ya kwanza: rasimu inasomwa na nani kijijini, ana siku ngapi za kutoa maoni, na wasipokubaliana nawe, maoni yao yatachapishwa ukurasa gani wa ripoti.