"Kawaida" ya mama ilinigharimu

Mama ana valvu bandia ya moyo, na kila jioni anameza warfarin. Aliyeuguza mtu wa dawa hii anaijua adha yake: ikizidi anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye valvu. Maisha yetu ni kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda; leo anapunguziwa nusu kidonge, mwezi ujao anaongezewa robo.

Maabara moja ya binafsi ikaniambia, "Dada, pima vinasaba, dozi ya mama itajulikana moja kwa moja." Nikalipa. Zikaja karatasi nane za rangi, karibu kila mstari umeandikwa "kawaida".

Daktari wake alizipekua, akauliza, "Walitafuta aina zipi za CYP2C9?" Nikakodoa macho. Kumbe ni kinasaba kinachohusika na kuivunja warfarin mwilini. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: aina ya 2 na ya 3. Hizo ndizo zimeenea kwa Wazungu. Kwa Waafrika ziko nyingine, ya 5, ya 6, ya 8 na ya 11, nazo pia huufanya mwili uchelewe kuivunja warfarin. Hizo hawakuzigusa! Maabara haikukosea kusoma. Ilisoma kurasa chache tu.

Halafu akanimaliza: "Mama anaitumia mwaka wa nne sasa. Majibu yangekuwa tofauti, ningebadilisha nini, wakati INR inanionyesha dozi yake?"

Hilo ndilo swali la kuuliza kabla hujatoa pochi. Linalofuata: kipimo kilijaribiwa kwa nani, na kikalinganishwa na nini? Mwaka 2013 yalitoka majaribio mawili ya warfarin. La Uingereza na Uswidi lilikisifu kipimo: waliopangiwa dozi kwa vinasaba, INR yao ilikaa ndani ya kiwango kinachotakiwa 67.4% ya muda, wenzao 60.3%. Lakini hao wenzao walianzishiwa dozi ya kawaida tu. Marekani, kwa watu 1,015, wenzao walikokotolewa dozi kwa umri, uzito na mengineyo, na tofauti ikayeyuka. Wagonjwa weusi ndio walioumia: 35.2% ya muda ndani ya kiwango kwa vinasaba, 43.5% bila.

Sisemi vipimo vyote ni kiini macho. Kama mama na mama mdogo waliugua saratani ya matiti, kupima BRCA, vinasaba vinavyohusishwa na saratani hiyo, ni habari nyingine, jibu lake linabadilisha namna utakavyofuatiliwa.

Zile karatasi za rangi mama amejaladia daftari lake la INR.