Kipandikizi kimeshikizwa kwa vipandikizi, sasa nani kamshika nani?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja aliyekatika kano ya goti, akaenda kutengenezwa, na siku ya kuruhusiwa akapewa karatasi ya Kiswahili, jambo ambalo kwanza nalipongeza maana ni adimu. Shida yake ni sentensi moja tu. Kainukuu hivi: "Kipandikizi kimeshikizwa mfupani kwa vipandikizi viwili." Anauliza, kipandikizi hapo ni kipi, ile kano mpya au zile skrubu? Na je anaweza kusema "nimepandikizwa skrubu gotini"? Halafu kamalizia, skrubu au parafujo, ipi sahihi? (Humo humo kaandika "tangu nifanye upasuaji", kana kwamba kisu alikishika yeye. Nimeliona, nimelipita, leo lina mkubwa wake.)

Nianze na jepesi. Skrubu sawa, parafujo sawa. Ya kwanza tumeipata kwa Waingereza, ya pili kwa Wareno waliowatangulia, zote ngeli ya i-/zi-, chagua inayokukaa mdomoni. Msumari ndo usiseme, msumari unagongwa kwa nyundo ukaingia wima, hii ina hesi na inaingia kwa kuzungushwa. Hilo limekwisha.

Sasa hicho kipandikizi. Hili neno nina ugomvi nalo wa siku nyingi, na huyu dada kaniletea ushahidi mkononi.

Mzizi ni -panda, kupanda kwa shambani, ukarefushwa hadi ikapatikana -pandikiza: kung'oa mche kwenye kitalu ukauhamishia pale utakapokulia. Sijui kama walioandika ile karatasi wamewahi kupandikiza mche. Mche ukiuhamisha hausimami siku ile ile, unanyauka, majani yanalala, mtu mwenye haraka anasema huu umekufa huu, kumbe chini huko mizizi inahangaika na udongo mpya, baada ya muda unaona kajani kanachomoza. Ndo maana wenye akili pembeni ya mche wanachomeka kijiti, wanaufunga kwa kamba, kijiti kinaushikilia mpaka mizizi ikamate. Sasa niambie, kile kijiti nacho umekipandikiza? Hukukipandikiza. Umekichomeka. Kimekatwa juzi, kikavu, hakina jicho hata moja, ukikimwagilia mwaka mzima kitaoza. Mkulima yeyote ukimwambia "nimepandikiza mche na kijiti" atakuangalia mara mbili, na ukimwambia "nimeushikiza mche kwa mche" atakupokonya jembe kabisa kwa usalama wa shamba.

Turudi gotini. Kano iliyokatika mara nyingi ni ile ya msalaba ya mbele, wapenda mpira wanaijua kwa herufi zake, ACL. Ikikatika katikati kwa kawaida haijiungi yenyewe ikarudi kama zamani, kwa hiyo daktari wa mifupa anachukua kano nyingine kwa mgonjwa mwenyewe, aidha zile za nyuma ya paja au ukanda wa ile iliyo chini ya pia ya goti ukiwa na vipande vya mfupa kwenye ncha zake mbili. Anatoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye muundi, anaipitisha humo. Hicho ndicho kipandikizi! Kimetolewa kilipokuwa kikahamishwa, na kikifika kinafanya yale yale ya mche, kinakosa damu, chembe zake nyingi zinakufa, kisha mishipa mipya ya damu inaingia, chembe mpya zinajaa, na kwa muda wa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kinageuka taratibu kufanana na kano iliyokuwepo. Neno limekaa mahali pake mpaka raha.

Na skrubu? Skrubu ina unene wa milimita 7 mpaka 10 hivi, urefu wa 20 mpaka 30, inazungushwa ndani ya lile tundu pembeni ya kano ili iibane kwenye ukuta wa mfupa isichomoke. Au badala yake kinatumika kifungo, kijibapa cha titani chenye urefu wa kama milimita 12, kinapitishwa kwa urefu kwenye tundu, kikitokea upande wa pili kinageuzwa kikingame nje ya mfupa, kano inabaki inaning'inia kwenye kitanzi chake. Hivi vyote vinafanya kazi ya kijiti. Wiki za mwanzo kano yenyewe ina nguvu za kutosha, mahali dhaifu ni pale iliposhikizwa, ndo maana unaambiwa usijitie ushujaa. Ile yenye ncha za mfupa inahitaji kama wiki 6 mpaka 8 kushikana na mfupa, ile isiyo na mfupa kama 8 mpaka 12, na ikishashikana skrubu haina kazi tena, inakaa tu humo na mara nyingi wala haitolewi.

Wenyewe walioianza kazi hii hawakujidanganya kuhusu hiyo skrubu. Mwaka 1983 daktari Lambert alieleza namna ya kuibana kano ile yenye ncha za mfupa kwa skrubu ya kawaida ya mifupa, ya milimita 6.5. Mwaka 1987 Kurosaka na wenzake wakalinganisha njia mbalimbali za kushikiza, wakaona skrubu nene ya milimita 9 inashika vizuri zaidi. Angalia walichokuwa wanapima: inashika kwa nguvu kiasi gani, ikivutwa inaachia wapi. Hakuna aliyekwenda kupima kama skrubu imeota.

Najua kuna mtu hapo keshanyanyua kidole, eti mwalimu, titani mfupa unaikubali mpaka unaigandia kabisa. Ndiyo, unaigandia. Anayeota ni mfupa, skrubu iko pale pale ilipoachwa na ni ile ile.

Chanzo cha balaa hili mi naona hakifichiki. Kiingereza hapo kina maneno mawili tofauti, moja la kile kinachohamishwa na jingine la kifaa kinachoingizwa mwilini, mtafsiri akafungua kamusi mara mbili, mara zote mbili kamusi ikamjibu kipandikizi, naye akaandika vyote viwili akageuza ukurasa bila kuisoma sentensi yake mwenyewe. Ukisoma kwa sauti tu unasikia kuna kitu hakiko sawa! Kiswahili kina neno lilikuwa limekaa linasubiri kuitwa: kishikizo. Linatoka kwenye -shika, na tangu zamani ni jina la kile unachofungia shati lako kifuani. Linachukua skrubu, linachukua pini, linachukua hata vile vidude vyenye nyuzi vinavyochomekwa kwenye mfupa wa bega kurudishia kano zilizobanduka, na kile kifungo cha titani ndo usiseme, kimezaliwa na jina hilo.

Mtaani wana lao, "kawekewa chuma". Nalielewa, ni la huruma na linaeleweka haraka, ila linadanganya. Skrubu nyingi za siku hizi si chuma wala si metali yoyote, kuna za plastiki ngumu iitwayo PEEK ambayo kwenye eksirei haionekani, kuna za asidi ya polilaktiki ambazo mwili unazimeng'enya taratibu kwa miaka. Chuma cha kumeng'enywa bado sijakiona. Na mgonjwa akishaambiwa ana chuma anaanza kuuliza kitatolewa lini, ataruhusiwaje kupita kwenye mashine ya uwanja wa ndege, maswali mengine yangekufa kama angeambiwa kwa jina lake nini kimo gotini.

Vile vipandikizi vya uzazi wa mpango sivigusi. Navyo havioti, lakini vimeshaandikwa kwenye kila bango na kila kadi, nani atavirudisha. Nacheka tu kwamba watu wa kawaida wanaviita vijiti, yaani asiyekwenda shule ya tafsiri kampita mtaalamu. Vipandikizi vya meno navyo naviachia, sina nguvu ya kugombana na taya.

Limebaki "nimepandikizwa skrubu". Hapana, na hata ukiondoa skrubu ukaweka kano bado hapana. Ukisema "nimepandikizwa", aliyepandikizwa ni wewe, mzima mzima, umeng'olewa ulipokuwa ukahamishiwa shamba jingine. Magazeti yanaandika "amepandikizwa figo" kila kukicha na mi nshachoka kuwaandikia barua, lakini wewe umeuliza kwa hiyo pokea: nimepandikiziwa kano, nimewekewa skrubu. Kile ki-silabi kidogo kinachoongezeka kwenye -pandikiziwa ndicho kinachokutoa wewe shambani na kukurudisha kitandani kama mgonjwa.

Basi sentensi yako isomeke "kipandikizi kimeshikizwa mfupani kwa vishikizo viwili". Ukiona kushikiza na kishikizo vinagongana masikioni, na kweli vinagongana kidogo, andika "kwa skrubu mbili", na kwa kweli hivyo ndivyo ningeandika mimi tangu mwanzo, maana daktari alijua ni skrubu, muuguzi aliyempa mkononi alijua ni skrubu, na wewe umeniandikia mwenyewe kwamba ni skrubu. Kama moja ni skrubu na nyingine ni kifungo basi waandike hivyo hivyo, skrubu moja na kifungo kimoja, karatasi haitajaa.