Kabla hujabeba miche: kwa mabwana na mabibi shamba wapya wa Shinyanga

Karibuni kazini. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche elfu mbili kwenye kilima kilichobaki kipara, nikaandika taarifa nzuri. Niliporudi mwezi wa nane nilikuta vijiti vikavu na kinyesi cha mbuzi. Hakuna mwanakijiji aliyeniomba miche ile, wala aliyejua ni ya nani.

Kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye. Kilima kile kilijaa visiki vya migunga vilivyo hai. Kila masika vilichipua, kila kiangazi vikaliwa au kukatwa. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye unyevu ambao mche wa kitalu hauujui. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, ondoa mengine, kisha pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya kimo. Kata kutoka chini kwenda juu, gome lisichunike. Funga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue kuwa kisiki hicho kina mwenyewe. Anzeni hapo. Miche iwe ya pale ambapo hapana kisiki kabisa.

Tafadhali, msiwaambie wafugaji kwamba ng'ombe wao ndio walioleta jangwa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ya huku kuua mbung'o. Ikaja pamba, nayo ikataka mashamba mapya. Miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakayaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi ikabaki wazi, ikawa ngumu, mvua ikateleza juu yake na kuchimba makorongo. Kuni zilipoadimika, samadi ikachomwa jikoni badala ya kwenda shambani, na mavuno yakapungua tena. Mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania.

Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ulipata mafanikio pale ulipowasikiliza Wasukuma kuhusu ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea. Wakati ule zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mbegu na mizizi vilikuwa ardhini vikisubiri kupumzishwa. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, sungusungu wakalinda, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati akatozwa faini na majirani zake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiite mkutano. Mtafute mzee aliyechunga pale utotoni, umwamkie vizuri, umwombe mtembee naye. Muulize ngitili ya baba yake iliishia wapi, nani anailisha sasa, kina mama wanaokota kuni wapi. Wajane waulize peke yao, maana ngitili ikifungwa bila wao, ndio wanaokosa kuni kwanza. Beba panga lenye makali. Mkikuta kisiki kinachochipua, mwachie mzee achague machipukizi ya kubakiza.