Ukumbusho wa Blanquefort

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Tanga, sote hatujambo. Umeniuliza kwa nini pale Blanquefort, karibu na Bordeaux unakosoma, wamewekewa ukumbusho Samuel Wallace na Robert Ewart, makomando wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, waliokamatwa na Wajerumani hata kabla ya kuziona meli walizotumwa kulipua. Si afadhali ungekuwa wa waliofika?

Usiku wa tarehe 7 Desemba 1942 nyambizi iliwashusha wanaume 10 katika mitumbwi mitano yenye ubavu wa turubai, iliyosheheni mabomu ya kubandika kwa sumaku. Mpango ulikuwa kuingia Gironde, mlango wa mto unaoelekea Bordeaux, maji yakijaa, kupiga kasia usiku na kujificha mchana kwenye matete. Wewe umekulia pwani, unajua mlango wa mto unavyochafuka mkondo ukikutana na bahari. Mtumbwi wa Wallace na Ewart ulipinduka humo, katika baridi ya Desemba. Wakajikokota hadi nchi kavu, na kulipokucha wakashikwa wakiwa na sare zao mwilini.

Mateka mwenye sare hauawi. Hiyo ni sheria ya vita. Lakini Oktoba ile Hitler alikuwa ameamuru makomando wauawe hata wakijisalimisha. Wakahojiwa, na usiku wa tarehe 11 wakapigwa risasi. Usiku huohuo wenzao wanne, Hasler, Sparks, Laver na Mills, walikuwa Bordeaux wakibandika mabomu, na asubuhi meli zikaanza kulipuka. Kama Wajerumani wangejua kwa kuwahoji kinachokuja, wale wanne wasingefika. Kwa hiyo mimi siwaiti wale wawili walioshindwa, mwanangu. Baadaye Laver na Mills nao wakakamatwa na kuuawa. Kati ya wote 10 walirudi Hasler na Sparks tu.

Wallace na Ewart hawana kaburi linalojulikana. Ndugu zao wangeenda wapi kuwaombea?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Makao makuu ya jeshi la majini la Ujerumani yaliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kitendo kile cha kuwaua ni kitu kipya katika sheria ya mataifa, kwa kuwa askari wale walikuwa na sare. Walijua! Maandishi hayo yalitumika Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Ujerumani baada ya vita, katika kesi ya mkuu wao, Erich Raeder, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1946. Ndiyo maana nataka ukumbusho ubaki hapo Blanquefort, na usihamishiwe bandarini kwenye sifa za meli zilizolipuliwa.

Mama anakusalimu sana.

Baba yako