Maswali ya Wasomaji: Tangi la Mafuta Lililoliwa na Kutu

Swali: Ndugu Mshauri, nina Land Rover Series III ya petroli, pikapu ya chesesi ndefu, ninayoitumia kubebea nazi na viroba vya chokaa. Tangu masika nikiketi kwenye usukani nanusa petroli, na asubuhi nakuta doa sakafuni chini ya kiti cha mbele. Dereva mmoja alinifundisha kusugua sabuni ya mche mahali panapovuja. Uvujaji ukakoma, lakini mvua iliponyesha ukaanza tena. Sasa nimempata fundi wa kuchomelea ambaye yuko tayari kuziba tobo kwa moto, na anasema ataingiza kwanza moshi wa ekzosi ndani ya tangi ili lisilipuke. Kinachonishangaza ni kwamba bodi ya gari haina kutu hata kidogo. Je, nimkubalie fundi huyu? *Msomaji, Pangani.*

Jibu: Ndugu yangu, usimkubalie, na tafadhali mwambie hivyo kabla hajawasha mashine yake. Tangi la petroli lililokwisha kumwagwa mafuta bado limejaa mvuke, na kinacholipuka ni mvuke huo uliochanganyika na hewa, wala si petroli ikiwa majimaji. Ndiyo maana tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Mchanganyiko huo hushika moto mvuke unapofikia takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyomo. Tangi la gari lako lina ujazo wa lita 45 hivi, na kijiko kimoja cha chai cha petroli kikigeuka mvuke humo ndani kinatosha kuingiza hewa yake yote katika kiwango hicho. Kiasi kikubwa kuliko kijiko hujificha chini ya magamba ya kutu na ndani ya pindo la maungio, pale vipande viwili vya tangi vilipokunjwa pamoja. Utaliosha kwa sabuni ya unga mpaka lisinuke tena, kisha joto la kuchomelea litalifikia pindo lile na kuitoa petroli iliyonasa, wakati ambapo moto uko mkononi mwa fundi na uso wake uko karibu na tobo.

Moshi wa ekzosi una mantiki yake, sikatai, kwa kuwa una oksijeni chache na pasipo oksijeni hakuna moto. Lakini gereji ya kawaida haina kifaa cha kupimia oksijeni iliyobaki ndani ya tangi, na mpira ukichomoka au injini ikizima, hewa hurudi kupitia tobo lile lile linalochomelewa. Fundi atakuambia kwamba ameshafanya hivyo mara nyingi na hajawahi kudhurika. Huenda ni kweli. Wale ambao tangi liliwalipukia hawapo gerejini kusimulia upande wao.

Kuhusu bodi isiyo na kutu, jibu ni kwamba bodi za Land Rover za Series zimetengenezwa kwa aloi ya alumini, wakati chesesi na tangi ni vya chuma. Mwenye gari hutazama milango iliyo mizima akadhani na huku chini mambo ni hivyo hivyo. Matangi mengi ya zamani yalipakwa kiwandani tabaka jembamba la risasi na bati ili kuzuia kutu, na tabaka hilo likishakwanguka kwa mawe ya barabarani, chuma kinabaki wazi. Kwa upande wa nje, magurudumu ya mbele hurusha tope likakaa juu ya ukingo wa tangi na kwenye vishikizo vyake, na tope la pwani lina chumvi, kwa hiyo hata likionekana kavu bado hunyonya unyevu wa hewa ya usiku. Kwa upande wa ndani, tangi lisilojaa hupumua: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa mbichi yenye unyevu, nao unyevu huganda kwenye kuta ukawa matone. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka yakatulia chini kabisa, mahali ambapo chujio la mafuta halifiki. Matokeo yake ni kwamba sakafu ya tangi huliwa kutoka pande zote mbili, na tobo unaloliona ni mahali pa kwanza tu ambapo kutu ya ndani na ya nje zimekutana. Kandokando yake chuma huwa chembamba kama ganda la yai, na hii ndiyo sababu nyingine ya kukataa kuchomelea, hata kama hatari ya mlipuko isingekuwapo: moto wa welda utageuza tobo la ncha ya sindano kuwa tobo la kidole.

Kwanza, hata hivyo, hakikisha kwamba kinachovuja ni tangi kweli. Ukinusa petroli baada ya kujaza tu na harufu ikaisha tangi linapofika nusu, shuku mpira wa mdomo wa kujazia au gasketi ya geji ya mafuta iliyo juu ya tangi. Hivyo ni vitu vya bei ndogo. Ikiwa linavuja hata likiwa na mafuta kidogo, tazama kizibo cha kumwagia mafuta na washa yake (ile pete ya kuzuia kuvuja), kisha sakafu yenyewe. Futa sehemu ya chini mpaka ikauke, ipake unga wa chaki, halafu subiri. Chaki itabadilika rangi pale petroli inapopenya, nawe utajua kama ni tobo moja au ni jasho linalotoka kila mahali.

Kwa kulishusha tangi, kazi ifanyike nje penye upepo, kamwe si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini ukajaa shimoni, ambako taa moja ya mkononi ikipasuka inatosha kuuwasha. Chomoa waya wa betri wa hasi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mafuta yatolewe kwa pampu ya mkono au kupitia kizibo cha chini, yaingie katika jerikeni la chuma. Tafadhali usimruhusu kijana wa gereji ayanyonye kwa mdomo. Petroli ikiingia mapafuni, hata kidogo, husababisha kichomi kikali.

Tangi likishakuwa chini, limwagiwe maji na kusuguliwa kwa brashi ya waya ya mkono, isiwe mashine ya kusagia yenye kurusha cheche, kisha gonga na ubonyeze sakafu yake yote kwa ncha ya bisibisi. Mahali pazima patalia na kukataa. Mahali palipooza patabonyea au patamwaga unga mwekundu. Kama palipobonyea ni mahali pamoja tu na kandokando yake ni chuma kigumu, unaweza kupaziba kwa gundi ya epoksi inayostahimili petroli pamoja na kitambaa cha nyuzi za kioo, ukiwa umepiga msasa mpaka chuma cheupe kionekane na kikauke kabisa. Silikoni ya mirija ambayo wengine huitumia haifai, kwa sababu petroli huivimbisha ikabanduka. Kama pamebonyea katika sehemu tatu au nne, tangi hilo limekwisha, na kwa gari linaloishi Pangani mimi sioni haja ya kulibembeleza. Matangi mapya ya Series bado yanatengenezwa, na la mtumba kutoka kwenye gari lililoishi bara mara nyingi huwa na uhai mwingi.

Ukiamua kuundiwa jipya na fundi wa mabati, msisitizie mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni kuta za ndani zenye matundu, zinazozuia mafuta yasiyumbe kwa kishindo gari linapokata kona. La pili ni bomba la kupumulia. Kabla halijafungwa lijazwe maji na kuachwa usiku kucha juu ya sakafu kavu ya saruji, na likirudi chini ya kiti, acha nafasi ya kutosha ili tope liweze kusafishwa kwa maji baridi kila baada ya masika.

Sabuni ya mche uliyoisugua haikuwa upuuzi. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo huziba vizuri tobo dogo. Maji ndiyo huiyeyusha, na ndiyo maana mvua ilikurudisha mwanzo. Itumie kukufikisha gereji, basi.

Swali: Mshauri, marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya kabureta ambayo ilikuwa imelala uani kwa miaka kadhaa. Tangi halivuji. Niliweka petroli mpya na betri, injini ikawaka vizuri, lakini kila nikienda kilomita mbili au tatu inakohoa na kuzima. Nikisubiri kama nusu saa, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nimeshabadilisha chujio mara mbili na lote hugeuka rangi ya matofali. Fundi anapendekeza tubadilishe pampu. *Msomaji, Nakuru.*

Jibu: Dada, pole kwa msiba, na hongera kwa kutoliuza gari hilo kwa wauza vyuma chakavu. Usinunue pampu kwanza. Gari likizima, fungua kifuniko cha tangi taratibu na usikilize: ukisikia hewa ikivutwa kuingia, kitundu cha kupumulia kimeziba, na injini ilikuwa inanyonya mafuta kutoka katika chombo kisichopokea hewa. Hilo hutibika kwa kusafisha kitundu hicho.

Hata hivyo, chujio la rangi ya matofali limeshakueleza kisa. Gari lililala na tangi lisilojaa, unyevu ukaingia, na kuta zikafanya kutu ndani. Unapoendesha, unga wa kutu huvutwa ukajikusanya kwenye mdomo wa bomba la kutolea mafuta. Injini ikizima mvuto hukoma, unga hushuka chini tena, na njia hufunguka mpaka safari inayofuata. Ndiyo maana nusu saa ya kusubiri inakusaidia, na ndiyo maana utabadilisha chujio mpaka uchoke.

Tangi la namna hii, kwa kuwa halijatoboka, linastahili kuokolewa. Lishushwe kwa tahadhari nilizomweleza ndugu wa Pangani, geji itolewe, na petroli ya zamani, ambayo bila shaka inanuka kama rangi iliyochacha, isichanganywe na mpya. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa. Kisha tia ndani mnyororo wa baiskeli au konzi ya nati pamoja na maji, uliviringishe kwa muda mrefu ili magamba yabanduke. Hesabu nati kabla na baada. Halafu lijaze siki ya kawaida, ile yenye asidi ya asilimia 5, uiache siku moja au mbili. Asidi ya fosforiki hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi na huacha juu ya chuma tabaka linalochelewesha kutu mpya, lakini inahitaji glavu, miwani na mtu makini.

Hatua inayoharibiwa na wengi ni ile inayofuata. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, na kikikaa na unyevu kitageuka rangi ya chungwa kabla hujamaliza chai. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, papo hapo likaushe juani kwa hewa ya kompresa, kisha lizungushie petroli kidogo ndani au lirudishe garini na kulijaza siku hiyo hiyo. Kuna dawa za epoksi za kupaka ndani ya tangi, nazo ni nzuri zikipakwa juu ya chuma safi na kikavu. Zikipakwa kwa haraka juu ya kutu au mafuta hubanduka vipande vipande na kuziba bomba vibaya kuliko kutu yenyewe. Kwa tangi lako lisilovuja nisingezitumia.

Mabomba yapulizwe, mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa sababu ya miaka, kabureta ifunguliwe na bakuli lake lisafishwe. Funga chujio la plastiki linaloonyesha ndani, ulitazame kila jioni kwa wiki ya kwanza. Na kama gari litalala tena, lilaze na tangi lililojaa, kwa maana pasipo hewa nyingi hapana unyevu mwingi.

Swali: Tangi la gari langu la biashara limepelekwa kwa fundi. Nimefunga kidumu cha lita 5 karibu na injini, mpira unatoka humo kwenda kwenye kabureta, na gari linafanya kazi vizuri. Naweza kuendelea hivi kwa muda gani? *Msomaji, Mwanza.*

Jibu: Acha leo. Kidumu hicho kiko karibu na ekzosi ya moto, waya za plagi na feni, na kinashikiliwa na kamba. Kikiyeyuka au kikitikisika, petroli itamwagikia ekzosi, na petroli huweza kujiwasha bila cheche katika joto la nyuzi 250 hadi 280 hivi, kiwango ambacho ekzosi ya injini inayofanya kazi hukipita. Anayekihamishia kidumu ndani, kwenye kiti cha abiria, huwa ameongeza mvuke mahali watu wanapovuta pumzi, na pengine sigara. Kama unahitaji kulisogeza gari, livutwe. Kama fundi anachelewa, kodi gari jingine kwa siku hizo, na umpe sharti kwamba tangi likirudi litajazwa na kukaguliwa mbele yako kabla ya kupakia abiria.